Mawese kwenye Koti la Watu

Ninyi vijana wa pressing za mjini, mnaotia nguo ndani ya mashine, mkabonyeza na kwenda zenu kunywa chai, mmeniomba niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa zamani. Nitawaeleza. Lakini kwanza nijibu lile swali mlilouliza huku mnacheka: kwa nini mzee huyu mpaka leo anapiga pasi soksi, leso, hata mshono wa ndani wa suruali ambao hakuna macho ya mtu yatakayouona?

Sababu ni inzi. Yuko inzi mmoja katika nchi yetu hii, mnene kidogo, rangi ya njano iliyochoka, anayependa nguo yenye unyevu iliyoanikwa kivulini. Anataga mayai kwenye mikunjo na mishono, mahali ambapo jua halifiki. Mwenye nguo akiivaa, joto la mwili linayaangua, na funza mdogo anaingia kwenye ngozi bila kupiga hodi. Baadaye unaona jipu, unalibinya, na kitu kinakuchungulia. Dawa yake ni pasi ya moto, pande zote mbili, na mishono kwanza.

Haya alinifundisha Mzee Saidi, mwenye duka la dobi nililofanyia kazi pale Mangobo, miaka ya hamsini, wakati Wazungu bado walikuwa na jina lao jingine la mji huu. Alikuwa Mwislamu, mtu wa Maniema, na alipenda ukimya. Siku yangu ya kwanza alinipa shati, nikalipiga pasi likang'aa. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa kwapa, akanirudishia.

"Kazi yako iko ya macho," aliniambia. "Ile inzi haina kazi na macho ya watu. Inatafuta pahali mutu hakutazama."

Basi ndivyo nilivyoanza. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya kushangaza, maana nguo zinasema. Kola inakuambia kama mtu anafanya kazi ya kuinama au ya kuagiza. Magoti ya suruali yanakuambia nani anasali na nani anacheza karata chini. Niliona mfuko wa mwalimu mkali umejaa maganda ya karanga, nikaona shati la mlevi mmoja mashuhuri likinukia sabuni ya mtoto mchanga, kwa sababu nyumbani ndiye aliyekuwa akiogesha watoto. Nilikuwa naulizauliza mno, mpaka Mzee Saidi akawa ananipa nguo za kukamua ili mdomo upumzike.

Wanga tulitengeneza wenyewe kwa muhogo. Unaukuna, unaukamua kwenye kitambaa, maji meupe yanatulia, unga unashuka chini, kisha unaupika mwepesi kama uji wa mgonjwa. Bluu ya kufulia ilifungwa kwenye kitambaa kidogo na kuchovywa tu kwenye maji ya mwisho. Pasi ilikuwa ya makaa. Kabla ya kugusa nguo unaisugua juu ya jani la mgomba, inateleza vizuri na inaacha masizi yake pale. Mwenzangu Alphonse hakuwa na subira na mambo haya. Siku moja alitia wanga mzito kwenye nguo zote za karani mmoja, za nje na za ndani pamoja. Yule karani akaenda kazini, na kila akipiga hatua walimsikia. Alirudi mchana kwa hasira, anatembea miguu imeachana, na Mzee Saidi akalazimika kuingia chumba cha makaa ili acheke peke yake.

Alphonse huyo ndiye fundi wa jambo ninalotaka kuwaeleza. Sisi madobi tuliliita kutembeza nguo.

Wateja wetu wengi walikuwa watu wa nguo nyingi, au watu wa safari, waliopanda boti kwenda Yangambi au Basoko wakaacha nguo zao kwetu. Nguo zilikuwa tayari Ijumaa, zimening'inia, zinanukia. Jumapili iko karibu, na mtaani kuna vijana wenye arusi, wenye matanga, wenye wasichana wa kuwaona, lakini hawana shati. Basi Jumamosi jioni mashati yanatoka kwa mlango wa nyuma. Jumatatu alfajiri yanarudi, yanafuliwa upya, na mwenyewe akija anakuta nguo yake safi. Alphonse alipata kuku hapa, chupa ya bia pale, na heshima kubwa kila mahali. Madobi wote wa mjini walifanya hivyo. Nilikaa kanisani Jumapili nikaona mashati niliyoyapiga pasi yanapita kwenda kutoa sadaka, kila moja juu ya mwili usio wake. Siku moja mteja wetu mmoja alimsifia kijana aliyekaa mbele yake kwa shati zuri, akamuuliza amenunua wapi. Lilikuwa la kwake.

Nilicheka kama wengine. Lakini mwaka ule nilikuwa katika darasa la ubatizo, na mtu aliyezoea kuuliza hawezi kuacha kuuliza kwa sababu swali limemgeukia. Tulikuwa tunajifunza zile amri, na mimi nikawa najiuliza: nguo ikitoka na ikarudi, safi kuliko ilivyotoka, imeibwa? Nani amepoteza nini?

Nikamuuliza Alphonse, tunakamua shuka pamoja, yeye ncha ile, mimi hii.

"Pasta," akasema, maana tangu nianze darasa alikuwa ananiita hivyo, "mwizi iko ule asiyerudisha. Miye narudisha. Donc, miye si mwizi."

"Basi mwambie mwenye nguo."

"Ju ya nini nimusumbue?"

Nikamuuliza Mzee Saidi. Akaendelea kupuliza makaa yake kwa muda, kisha akasema nguo ikifungiwa sana inaota ukungu. Nilimjua. Akitoa jibu fupi namna hiyo, jibu lenyewe halimpendezi. Nikamuuliza mwalimu wetu wa ubatizo. Akakohoa, akashika tai yake, akasema Mungu ana mambo makubwa ya kutazama kuliko mashati. Ile tai niliitambua pia. Niliinyoosha mimi mwenyewe Ijumaa.

Sikumchukia. Ila nilirudi nyumbani na swali langu likiwa zito zaidi. Kama jambo ni dogo kiasi hicho, kwa nini linapita mlango wa nyuma? Usiku niliomba, nikamwambia Mungu kwamba mimi sijui kupima dhambi, ipi kubwa na ipi ndogo, ila najua mlango wa mbele ni upi. Kuanzia hapo sikutembeza nguo ya mtu, wala sikuvaa. Sikumwambia mwingine aache. Alphonse alinicheka, na Jumapili nilikwenda kanisani na shati langu moja lenye viraka, kiraka kimepigwa pasi ndani na nje.

Kukataa kwangu hakukunigharimu kitu mpaka siku ya Veronika.

Veronika alikuwa binti wa Papa Anselme, karani katika ghala moja karibu na bandari. Nilimpenda, sina maneno ya kupamba. Alikuwa mchekeshaji, na alipocheka aliinamisha kichwa kana kwamba anatafuta kitu alichoangusha. Nami nilijua kwamba nikimkosa huyu sitampata mwingine wa namna yake. Yeye alinikubali. Aliyebaki ni baba, na baba alikuwa mtu wa heshima zake. Alitembea katikati ya njia, alisema Kifaransa na mbwa wake, na alikuwa ametuma neno mapema: kijana akija kujionyesha aje na koti, kwa maana yeye hatampa binti yake mtu asiye na koti.

Sikuwa na koti. Tonton Gaston, ndugu ya mama yangu, ambaye alikuwa mvuvi pale Wagenia na ndiye angenisemea, alikuwa na koti moja la mvua linalonuka samaki. Nililijaribu. Tukatazamana, akalichukua polepole, akalitundika tena.

Na pale dukani, kwenye msumari wa tatu, lilining'inia koti jeupe.

Lilikuwa la Bwana Alberi, msaidizi wa daktari, Mkongo mwenzetu aliyetumwa Yangambi kuchanja watu. Koti la pamba nzito, lenye mfuko kifuani. Kila nguo ya duka letu tuliitia alama ya uzi chini ya kola ili zisichanganyikane, na lake lilikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu niliouweka kwa mkono wangu. Kifungo cha chini kilikuwa kimepotea, nikatia kingine kinachofanana, ila kilikuwa na matundu mawili badala ya manne. Nilijua pia, bila kulivaa, kwamba linanienea. Dobi anajua.

Alphonse alilitoa msumarini, akalishika mabegani kama ananivalisha.

"Vaa, Pasta. Saa moya tu. Bwana Alberi mwenyewe angekuwa hapa, angekupatia."

"Hayuko hapa."

"Alors? Unataka kupoteza mwanamuke ju ya koti?"

Jumamosi, siku moja kabla ya kwenda kwao, Veronika mwenyewe alikuja dukani, akasimama mlangoni na kikapu chake. Alikuwa amesikia kwamba nimelikataa koti.

"Tomasi, papa yangu anatazama batu kwa macho. Ukikuya hivi, atakufukuza."

"Koti si yangu, Vero."

"Najua si yako. Batu yote inajua si yako. Hakuna mutu anavaa yake hapa." Akahamishia kikapu mkono wa pili, akasema kwa sauti ndogo, "Unapenda roho yako kuliko miye?"

Hilo lilinichoma. Nikamwambia nampenda, na ya kwamba nikimpata kwa koti la mtu nitaanza nyumba yetu kwa kumdanganya baba yake, na sijui nitaacha lini. Akaondoka bila kuaga. Nami nikakaa na pasi mkononi mpaka makaa yakafa. Nilijiuliza kama nasimama kwa ajili ya Kristo au kwa ajili ya kiburi cha Tomasi. Nilichopata ni kwamba mlango wa nyuma ulikuwa bado ni mlango wa nyuma.

Jumapili baada ya ibada tukaenda, Tonton Gaston mbele na samaki mkubwa aliyefungwa kwa majani, mimi nyuma na shati langu. Tukakaribishwa tukakaa. Veronika alipita na maji, hakunitazama. Kisha Papa Anselme akatoka chumbani, na amevaa koti jeupe.

Makoti meupe ni mengi, nikajiambia. Lakini alipoketi, kifungo cha chini kikaja usawa wa macho yangu. Matundu mawili.

Nikaelewa kwamba Alphonse, alipoona mimi silitaki, alilipeleka kwa mwingine, na yule mwingine kwa mwingine, mpaka likafika kwa mtu asiyejua limetoka duka gani. Papa Anselme alijua mimi ni dobi. Hakujua kwamba dobi anaijua nguo kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Tonton akasema ya kusema, kwa adabu. Papa Anselme akamsikiliza mpaka mwisho, akanitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Bon," akasema. "Samaki iko muzuri. Kijana haina koti."

"Koti inanunuliwa, papa," Tonton akajibu. "Mikono yake iko ya kazi."

"Mutu ni nguo. Batu inamuona mbele ya kumusikia. Miye, unaniona hivi, siwezi kutoka mbele ya batu bila koti. Ju ya nini? Ju ya heshima. Heshima haiazimwi."

Alisema hivyo, watoto. Nami nimekaa mbele yake, naona uzi wangu mwekundu unachungulia kila akigeuza shingo. Kulikuwa na sauti ndani yangu iliyotaka kusema neno moja tu na kumaliza mchezo. Sikusema. Nilikuwa nimekataa kuvaa koti la mtu, sikuwa nimepewa ruhusa ya kumvua mwingine mbele ya mkewe na binti yake.

Chakula kikaletwa: lituma ya ndizi za kuponda, sombe ya majani ya muhogo, na samaki aliyeogelea kwenye mawese. Papa Anselme akaendelea kutufundisha heshima, mkono juu, mkono chini, na katika kushuka mkono ukapiga ukingo wa bakuli. Mawese yakaruka. Doa likakaa kifuani, chini kidogo ya mfuko, jekundu, likaanza kutambaa.

Uso wa Papa Anselme ulibadilika, ukawa uso wa mtu anayetafuta pa kukimbilia. Mimi nilikwisha simama. Hiyo ni kazi, haina cha koti wala posa.

"Mama, unga wa muhogo," nikamwambia mkewe. "Na sabuni. Papa, tuende nyuma ya nyumba."

Kumbukeni hili, hata kwenye mashine zenu litawafaa: mawese hayasuguliwi. Ukisugua unayaingiza ndani. Unamwaga unga mkavu, unauacha unywe mafuta, unaukung'uta, unaweka mwingine. Sabuni baadaye, kwa maji ya uvuguvugu. Rangi inayobaki unaiachia jua, maana jua linaichosha rangi ya mawese polepole, na vizuri kuliko dawa yoyote.

"Vua, papa."

"Fanya hivi hivi, nikiwa nimevaa."

"Haiwezekani. Itapita upande wa pili."

Akatazama mlango. Akatazama ukuta wa jirani. Kisha akavua, na nikaelewa kwa nini hakutaka. Shati lake lilikuwa na kola, na kifua, na mikono mpaka kwenye vifungo. Mgongo haukuwepo. Ulikuwa umeliwa na jasho na miaka, ukakatwa vizuri kwa mkasi, na kingo zikakunjwa. Ngozi yake ilikuwa wazi kutoka shingoni mpaka kwenye mkanda. Watoto wake wote walikuwa wanasoma, na sasa nilijua karo yao ilitoka wapi.

Niliinamisha macho kwenye koti, nikamwaga unga. Nilimwonea huruma, na nilijionea haya kwa yale niliyokuwa nimeyafikiri pale mezani.

Aliona ninavyolishika lile koti, ninavyoigeuza kola bila kutafuta.

"Unaijua," akasema.

"Ndiyo, papa. Iko ya duka yetu. Ya Bwana Alberi."

Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kwa ndani tulisikia Tonton Gaston anasimulia habari za mtego uliochukuliwa na maji, ili kuwashughulisha watu.

"Sikiliza, mutoto," Papa Anselme akasema polepole. "Koti inarudi kwenu, sivyo? Mwenyewe akiuliza, sema mawese ilimwagikia kwenu. Dukani. Jambo ndogo. Dobi anaharibu nguo kila siku, hakuna mutu anashangaa." Akaelekeza kidevu ndani, kwa binti yake. "Na weye, uye Jumapili ingine. Mutoto iko wako. Koti hapana lazima."

Unga ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa mkononi mwangu. Nilichotaka kuliko vyote duniani kilikuwa pale, na bei yake maneno machache, ya kumficha mtu ambaye kweli nilitaka kumficha. Hapo ndipo nilipojua kwamba dhambi ndogo haiji na pembe. Inaweza kuja na sura ya wema. Nilimwita Yesu moyoni, bila maneno mengine.

"Papa, jina lako sitalitaja," nikasema. "Halitatoka kwa kinywa yangu. Lakini Bwana Alberi akiniuliza kama ilichafukia dukani, nitasema hapana."

"Basi hautaki mutoto."

"Nataka sana, papa."

Akainuka kwenye kinu. "Toka," akasema.

Nilitoka na koti limefungwa kwa kitambaa. Veronika alikuwa jikoni, ukuta ni wa miti na udongo, alisikia yote. Nilipopita alisimama na mwiko mkononi. Nikamwambia boti ya Yangambi inaingia Jumamosi, na Bwana Alberi atakuja moja kwa moja dukani. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Pengine nilitaka tu kumwambia kitu.

Wiki ile mvua haikunihurumia. Nililianika koti kila jua lilipotoka, nikaliingiza kila wingu lilipokuja, nikalipaka ndimu na sabuni. Doa likafifia mpaka likawa kivuli cha njano ambacho mtu mwingine asingekiona. Alphonse alinizunguka siku nzima kama inzi wetu.

"Sema mbuzi ilipita. Sema miye, nilikuwa nakula hapa. Sema yote, Pasta, lakini usiseme ilitoka. Ukisema ilitoka, duka inakwisha."

Mzee Saidi alisikia. Nilimweleza yote isipokuwa jina. Alijaza makaa mapya kwenye pasi, kisha akasema, "Akikuya, kila mutu atajibu kwa kinywa yake. Na miye pia, ju mlango ule wa nyuma ni wangu." Siku ile akaenda kuupigilia misumari.

Jumamosi tukasikia honi ya boti. Bwana Alberi akaja na vumbi la safari, mtu mwembamba wa miwani, akapokea koti lake, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Watu wa kazi ya sindano wana macho. Akaweka kidole chini ya mfuko.

"Hii nini?"

"Mawese," nikasema. "Nimeitoa ile niliweza."

"Iliangukia hapa kwenu?"

Alphonse alikuwa nyuma yangu, ameacha kukamua.

"Hapana, bwana. Ilitoka. Mutu aliivaa."

"Mutu gani? Weye?"

"Si mimi."

"Basi nani?"

"Hilo siwezi kusema."

Akavua miwani. Kwa utulivu uliotisha zaidi ya makelele akasema kwamba mtu anayejua mwizi na hamtaji, mwenyewe ni mwizi, na kwamba atakwenda kwa komisera wa polisi kabla jua halijachwa. Mzee Saidi akafungua kinywa aseme lake. Nilikuwa nimekwisha mpoteza Veronika, na sasa nilikuwa napoteza kazi, na jina, kwa ajili ya kivuli cha njano ambacho kingefutika kwa jua la wiki nyingine. Nilijiuliza kama Mungu kweli ananitazama, au ni mimi tu ninayejitazama.

Hapo mtu akapiga hodi kwenye mlango wa mbele.

Alikuwa Papa Anselme. Amevaa lile shati lake, amefunga kola mpaka juu, amevaa tai. Koti hana. Alisalimia kila mmoja kwa zamu, kuanzia Mzee Saidi, kisha akasimama mbele ya Bwana Alberi.

"Ni miye nilivaa koti yako," akasema. "Sikuijua iko yako, lakini nilijua si yangu. Nilimwagia mawese. Huyu kijana alikataa kudanganya ju yangu. Niliudhika naye."

Bwana Alberi akavaa tena miwani. Akamtazama, akalitazama koti. Nadhani alikuwa ametayarisha hasira kwa ajili ya mtu wa namna nyingine.

"Ilikutosha?" akauliza mwishoni.

"Inabana kwa mabega."

"Na miye pia inanibana," Bwana Alberi akasema, na habari za komisera hazikutajwa tena.

Papa Anselme akanigeukia. "Kesho, siku ya Mungu, uye. Na tonton yako. Koti, acha kwa mwenyewe."

Kisha akaaga, akageuka kwenda zake, na sote tukauona mgongo wake. Jua la saa nane lilikuwa linampiga. Alishika katikati ya njia, kama alivyozoea, mbele ya watu wote wa Mangobo waliokuwa wamekaa kwenye baraza zao, kola imenyooka mbele na ngozi wazi nyuma, na hakuongeza mwendo. Hata Alphonse hakucheka.

Kwa nini alikuja hivyo, swali hilo nilikaa nalo miaka. Alikuwa na fulana nyumbani, Veronika aliniambia. Angeweza kuvaa fulana, angeweza kujitanda kitambaa, angeweza kupita njia za nyuma. Nilipokuwa mkwe wake wa muda mrefu, tumekaa tunakula makemba, zile ndizi kubwa za kupika, nikamuuliza. Alitafuna kwanza.

"Weye ulikuwa umeshauona," akasema. "Nikaona kuuficha tena ni kazi ya bure."

Kwa harusi yetu Veronika alilitia lile shati mgongo mpya, wa kitambaa cheupe kizuri. Nami nililipiga pasi mwenyewe, nikaanza na mishono ya ndani.